Papa, Siku Ile ya Dar es Salaam na Mwanamke Aliyekufunga

Mpendwa Papa,

Juzi kwenye simu ulianza kuniuliza neno, kisha ukaligeuza, ukaniuliza habari za mvua. Mvua ya Kisangani unaijua, Papa, haijabadilika. Ulichotaka kuniuliza ni familia imesema nini juu yako na Mama Skola. Nilikusikia ukimeza mate. Basi nimeamua kukujibu kwa barua, tena barua ya wazi, isomwe mtaani kwetu Mangobo, isomwe kwa wazee Isangi, isomwe na kila mtu ambaye amesimulia habari zako na hakuwapo. Kuna wanaosema ulirogwa. Kuna wanaosema ulikwenda Tanzania kucheza dame, drafti kama wanavyoiita huko, mwanamke mmoja akakushinda, akakuchukua kama zawadi yake. Hao wa pili wamekaribia ukweli kidogo, lakini na wao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Nianze na ulivyokuwa kabla. Mama alipofariki uliacha kazi ya mitambo ya baleinière, zile mashua kubwa za mbao za mtoni. Hukumwambia mtu kwamba umeacha, ulikaa tu nyumbani siku moja, na ya pili, na watu wa mashua wakaacha kukuita. Asubuhi ulikuwa unakwenda pale kona, kwa wauza petroli ya chupa, kwenye meza yenu ya dame yenye vifuniko vya bia, na kila aliyeketi mbele yako alikuwa anaondoka ameshindwa. Watu walikusifu. Mimi nilikuwa napita na kapu langu kutoka sokoni, nakutazama, na moyo unaniuma, kwa sababu ulikuwa unashinda kama mtu anayeosha vyombo. Unamaliza, unapanga upya, unamaliza tena. Hukuwa unacheka. Wadogo zangu Didier na Trésor walikuwa wanasema Papa ametulia. Mimi sikuona kama ni kutulia.

Mwaliko wa mashindano ya dame ya wazee ulipofika, ulisema hapana. Ukasema Dar ni mbali, ukasema unazeeka, ukasema nani atalinda nyumba. Wanao wawili walikubishia wiki nzima. Mwishowe ulikubali kwa sharti kwamba niende nawe, na mimi ni mwalimu, shule zilikuwa zimefungwa, nikabeba dawa zako za presha na shati lako jeupe, tukaenda.

Ukumbi ule unaukumbuka. Meza zimepangwa kama darasani, mbao zile kubwa za dame, wazee kutoka nchi mbalimbali wamevaa kofia na makoti, na feni inazunguka juu bila kumsaidia mtu yeyote. Siku ya kwanza uliwafunga wote waliokutana nawe. Siku ya pili pia. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia Trésor kwamba Papa anaingia fainali, ndipo akaja kuketi mbele yako mwanamke wa makamo, mnene kidogo, amevaa kitenge cha bluu, ana chupa ya chai ya tangawizi pembeni. Alikusalimu vizuri. Wewe ulitikisa kichwa tu. Nilikuona ukinitazama mara moja kwa macho yaliyosema: hii itakuwa fupi.

Ilikuwa ndefu. Mlicheza mpaka meza zote za karibu zikamaliza na watu wakaja kusimama nyuma yenu. Kisha akakupa kete moja bure. Sheria inalazimisha, ukala. Akakupa ya pili, ukala. Akakupa ya tatu, na mimi ambaye sijui kitu katika dame nilidhani mama wa watu amechoka. Halafu akainua kete yake moja, akaruka, akaruka, akaruka, akala tano kwa mkono mmoja, akaingia mpaka nyumba yako ya mwisho. Wewe uliutazama ubao ule muda mrefu. Kisha ukasema neno moja tu, kwa sauti ya chini:

"Rudisha."

Nilishikwa na aibu. Nilidhani unakataa matokeo. Lakini yule mama hakushtuka, alirudisha kete zote mahali zilipokuwa, moja baada ya nyingine, akazitoa tena zile tatu polepole, na wewe ukafuata kwa kidole. Ulipofika mwisho uliinuka, ukampa mkono, ukatoka. Kwenye nyumba ya wageni hukula. Ulilala umegeukia ukuta na viatu vikiwa miguuni, nikakuvua mimi.

Hiyo ndiyo hali uliyokuwa nayo, Papa, asubuhi ya siku ile ninayotaka watu waijue. Ndege yetu ilikuwa ya kesho yake. Tulikuwa na siku moja nzima ya bure katika mji ambao hatujaona kitu zaidi ya ukumbi na barabara ya kwenda ukumbini. Nilikuomba tutoke tukatembee. Ulisema:

"Niko nachoka, mama. Wende weye."

Uliniita mama, si Fifi, kama siku zote, kwa kuwa nina jina la mama yako. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni najiuliza nifanye nini wakati kijana wa mapokezi alipokuja kusema kuna mgeni wetu chini. Tukashuka wote wawili, wewe kwa sababu ya adabu tu. Alikuwa yeye. Leo alivaa kitenge cha kijani, amejifunga mtandio, na mkononi ana mwavuli wa jua. Akasema anaitwa Skolastika, lakini watu humwita Mama Skola, ni fundi wa kushona huko Temeke, na amekuja kumchukua mgeni wake amwonyeshe mji.

Ulimwambia umechoka. Akasema hana haraka, atasubiri mpaka uchoke kukaa. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akamimina chai yake. Nilitaka kucheka nikajizuia, maana sijawahi kuona mtu akikufanyia hivyo, hata Mama.

Kilichokutoa pale kilikuwa kijana wa mapokezi. Alirudi na ufunguo, akainama kidogo, akakuambia, "Shikamoo, mzee." Sisi Kisangani hatunalo neno hilo. Wewe, mtu wa heshima zako, ukainama na wewe, ukamjibu, "Shikamoo, mwanangu." Kijana yule akarudi nyuma hatua nzima kama ameguswa na moto. Mama Skola aliweka kikombe chini ili asimwage chai. Alicheka mpaka akatoa kitambaa, akajifuta macho, kisha akakueleza kwa upole kwamba mdogo ndiye husema shikamoo, na mkubwa hujibu marahaba, na wewe hapa ulikuwa umemwamkia mtoto wa watu. Wewe hukucheka. Ulisema si vizuri kumwacha mtu na salamu mbovu, ukamfuata yule kijana mpaka jikoni, ukamwambia, "Marahaba." Ulipotoka jikoni ulikuwa umeshavaa kofia yako.

Kuanzia hapo, Papa, ulikuwa mfalme wa Dar es Salaam. Kila kijana tuliyempita ulikuwa unapunguza mwendo ili apate nafasi ya kukuamkia. Wakisema, unajibu marahaba kwa sauti nzito ya padri. Wasiposema, unakohoa kidogo. Mama Skola aliona, akaanza kutupitisha mbele ya vijiwe vya vijana makusudi.

Tulikwenda kwanza Kariakoo. Ulitembea kati ya marundo ya vitunguu, viatu na redio, mikono nyuma, kama mkaguzi. Ulisema Marché central, soko letu kuu, ni ndogo lakini ina samaki wa maana. Mama Skola akakuuliza samaki gani. Ukaanza kumtajia samaki wa mtoni mmoja mmoja, na kila mmoja ulikuwa unampima kwa mikono, na mikono ilizidi kupanuka, mpaka akakuambia huyo wa mwisho hajamwamini. Ukaniita nishuhudie. Nilishuhudia, Papa, ingawa wewe na mimi tunajua kwamba samaki wa namna hiyo tulimwona mara moja tu, tena alikuwa amekufa.

Lugha ilitupa kazi na furaha. Ulikuwa unasema, "Ile mutu iko wapi," na watu wanageuka kukutazama, si kwa ubaya, kama watu waliosikia wimbo wanaoujua ukiimbwa kwa sauti nyingine. Mwuza nguo mmoja alikuuliza umetoka wapi na Kiswahili hicho. Ukamjibu kwamba Kiswahili hiki kilitoka kwao, kikatembea kwa miguu mpaka kwetu, na kama kimechakaa kidogo ni kwa sababu ya safari. Mama Skola alirudia maneno hayo siku nzima. Mpaka leo anayarudia, nadhani.

Mchana alitupeleka kula kwa mama mmoja anayepika nyuma ya maduka, chini ya turubai. Sahani yako ilikuja na ugali na kitu cha kijani. Ulikitazama, ukasema hii ni pondu. Mama Skola akasema ni kisamvu. Mkabishana kidogo juu ya jina, kisha ukaonja. Walikuwa wameipika na nazi na karanga. Ulitafuna, ukaitazama sahani, ukaonja tena. Nilidhani hujaipenda.

"Mama," ukaniambia, "hii pondu imesoma."

Aliyekuwa anapika alicheka huku ameshika mwiko, akakuongezea bila kuombwa. Ulimaliza sahani zote mbili. Papa, nilikuwa nimehesabu kwa muda mrefu vijiko ulivyokuwa unaacha kwenye sahani nyumbani, na siku ile nilitazama sahani tupu nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba, ili msinione uso.

Baadaye Mama Skola akauliza ungependa kuona nini. Tulidhani utasema jengo fulani, au kanisa. Ukasema unataka kupanda mashua. Basi tukachukua bajaji, sisi watatu nyuma, wewe katikati umeshika magoti, tukaenda kwenye pantoni ya Kigamboni. Ukaingia na umati, ukasogea mpaka mbele kabisa, ukasimama pale pa watu wa kazi na hakuna aliyekufukuza. Mtambo ulipoanza kunguruma chini ya miguu yetu niliona mabega yako yanashuka. Ulikuwa hujakanyaga chombo cha majini tangu ulipoacha kazi ya mashua. Mama Skola alikuwa kando yako. Alifungua mwavuli akakuwekea kivuli, na wewe ukauacha.

Ng'ambo ile, karibu na gati, kulikuwa na kibanda cha mabati na wanaume wanacheza drafti. Madereva wa bajaji, wauza samaki, mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Walipomwona Mama Skola walianza kusogea nyuma. Wanamjua. Mmoja akasema leo hawachezi naye, amewachosha. Akawaambia leo hakuja yeye, amemleta mgeni kutoka Kongo. Wakakutazama na shati lako jeupe. Yule wa miwani akakukaribisha kwa tabasamu la mtu anayemkaribisha kuku.

Uliketi. Ubao ulikuwa mdogo kuliko wa mashindano, vifuniko vya soda, vingine kifudifudi, vingine chali. Hukuwa na haraka. Mlikwenda sawa, unakula, anakula, na wanaume wale wanaongea wote kwa pamoja wakimfundisha mwenzao. Kisha ukampa kete moja bure. Nikamwona Mama Skola akiinua kichwa. Ukampa ya pili. Akaweka mkono mdomoni. Ulipompa ya tatu alikuwa ameshaelewa, na mimi nilielewa kwa kumtazama yeye. Ukainua kifuniko chako, ukaruka mara moja, mara mbili, mara tatu, ukala mpaka ukafika mwisho wa ubao, na hapo ukakiacha, ukamtazama Mama Skola, si yule uliyemfunga.

Yule wa miwani akauliza, "Mzee, hii umeitoa wapi?"

Ukamwonyesha Mama Skola kwa kidole. Na hapo ndipo ulipocheka, Papa. Kilianza kama kikohozi, nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta dawa, kisha nikasikia kwamba si kikohozi. Ulicheka kichwa kimeegemea mabati, machozi yanatoka, na wanaume wote wa kibanda wanacheka na wewe bila kujua wanachochekea. Nilikuwa nimesahau kwamba una pengo pale upande wa kulia. Miaka minne sikuwa nimeliona.

Mama Skola akanieleza akiwa ameketi karibu nami kwa nini alikuja asubuhi ile. Amewafunga wanaume wengi maishani mwake. Wengine humwambia alibahatisha, wengine husema walimhurumia, mmoja alimwaga kete zote chini. Hakuna aliyewahi kumwambia rudisha nione. Alisema alirudi nyumbani siku ile akiwa amefurahi kwa sababu ya neno lako kuliko kwa sababu ya ushindi, na fainali yenyewe aliipoteza. Dame, aliniambia, alifundishwa na marehemu mume wake. Kwa miaka mingi alikuwa anafungwa kila jioni. Siku ya kwanza yeye alipomfunga mume wake, bwana yule alitoka nje akaenda kuwaita majirani waje waone ubao kabla haujavurugwa. Nilipomsikia akisema hivyo nilimpenda, nami sikumwambia.

Tulirudi gatini alasiri. Wewe ulisimama ghafla ukatazama mawe. Tulipofika mchana mawe yale yalikuwa makavu, na sasa maji yalikuwa yameyafunika. Ukauliza mvua imenyesha wapi. Mama Skola akasema hakuna mvua, ni bahari tu, yalitoka asubuhi na sasa yamerudi.

"Yanarudi?" ukauliza.

"Kila siku, Baba Fifi. Labda si yaleyale. Lakini yanarudi."

Ukamwambia kwetu maji yakipita Kisangani yamekwenda, utayaona Yanonge, Isangi, Barumbu, lakini hayarudi, na wewe umeishi juu yake maisha yako yote. Ukaketi kwenye ukuta mdogo wa gati. Pantoni ikaja, watu wakaingia, ikaondoka, na sisi tukabaki. Hapo ukamwambia jambo ambalo hujawahi kuniambia mimi wala Didier wala Trésor. Ulimwambia kwamba siku Mama alipofariki ulikuwa mtoni, umeshateremka kupita Barumbu, mtambo umekufa, na ulikuwa umepiga magoti ndani ya mafuta ukiutengeneza, unafikiri unafanya haraka ili urudi. Ulipofika Mangobo tulikuwa tumeshamzika. Ulisema umetengeneza mitambo ya watu wote wa mto ule, na ule mmoja ulikataa.

Mimi nilikuwa nyuma yenu. Nilitaka kuja kukushika. Nilimsubiri Mama Skola aseme yale ambayo watu husema, mapenzi ya Mungu, pole, kaza moyo. Hakusema. Alikuuliza tu, "Alikuwa anaitwa nani?"

"Albertine."

"Alikuwa anapenda nini?"

Ukafikiri. Kisha ukaanza, polepole, ukasema alikuwa anapenda kichwa cha samaki na hakumwachia mtu. Alikuwa anapenda kucheza muziki jikoni, redio ikipiga anaacha sufuria inaungua. Alikuwa anapenda kugombana na wauza mkaa, na akishashinda ugomvi anawapa maji ya kunywa. Mengine sikuyajua, Papa, kama lile kwamba siku mlipokutana alikuangusha mtoni kutoka kwenye pirogi, ule mtumbwi, kwa sababu ulikuwa unajigamba unajua kuogelea. Ulikuwa unacheka tena, na Mama Skola anacheka, na Mama alikuwa pale katikati yetu, mzima, anacheza na mwiko. Nilikuja nikaketi upande wako wa pili. Tuliacha pantoni tatu zikaenda.

Hiyo ndiyo siku yenyewe. Hakuna dawa aliyokuwekea mtu kwenye chakula. Chakula nilikila mimi pia.

Kesho yake alitusindikiza kiwanja cha ndege, mkapeana namba za simu kama watoto wa shule, bila kutazamana. Yaliyofuata Mangobo yote inayajua vibaya, kwa hiyo niyaseme. Zile namba ambazo majirani walikuwa wanazisikia kila alfajiri kutoka uani kwetu, thelathini na mbili kwenda ishirini na nane, kumi na tisa kwenda ishirini na tatu, hazikuwa za bahati nasibu wala za mganga. Kila nyumba ya ubao wa dame, kila mraba, ina namba yake. Mlikuwa mnacheza kwa sauti za WhatsApp, wewe na kete zako kwenye kigoda, yeye na zake juu ya meza ya cherehani, na courant ya umeme ikikatika ulikuwa unakimbilia kwa jirani mwenye panneau ya jua kuchaji simu ili usikose zamu yako. Papa Mathieu wa nyumba ya pili alicheza namba zako kwenye loto miezi mitatu mfululizo. Anaomba nikwambie bado hajapata kitu.

Mlicheza hivyo karibu miaka miwili. Ulirudi kutengeneza mitambo. Ulianza kula. Na mwaka jana, ulipotuketisha mimi na wadogo zangu ukatuambia unataka kwenda huko kufanya kazi kwenye maboti ya Kigamboni, na kwamba utapanga chumba chako mwenyewe mpaka familia itoe neno juu ya kuoana kwenu, Trésor alilia. Mimi nilikwenda kukupigia pasi shati.

Sasa, jibu lako.

Wiki iliyopita wazee walituita Isangi. Nilishuka na baleinière, Didier akiwa nami, na Yanonge tulinunua kwanga, ile mikate ya muhogo, za kula njiani. Tulikuta watu wamejaa kwa Tantine Marthe, dada yako mkubwa, wameketi mpaka barazani. Tonton Basile, ndugu yako, alizungumza kwanza, na alizungumza sana. Alisema mwanaume hawezi kuhama mto wake kwa sababu ya mchezo. Alisema wanawake wa pwani wanajulikana. Didier akaniangalia. Nikaomba nafasi, nikawasimulia yote niliyoandika hapa, kuanzia kete tatu mpaka pantoni tatu, na nilipofika kwenye Barumbu na mtambo, wanaume wakainamisha vichwa, kwa sababu wengine wao walikuwa ndani ya baleinière ile.

Unajua Tantine anavyokaa, macho yamefungwa, unadhani amelala. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Ndugu yangu iko anacheka kule?"

Nikatoa simu, nikamtafutia ile sauti uliyonitumia Jumapili, unanieleza jinsi Mama Skola alivyokufunga mara ya nne mfululizo, na katikati unashindwa kuendelea kwa kucheka. Nikamwekea sikioni. Alisikiliza. Akasema niweke tena. Mara ya pili nilimwona akifungua macho, na midomo yake inatembea pamoja na kicheko chako, kana kwamba anakifuata toka utotoni.

Kisha akamgeukia Tonton Basile, akamwambia mwanaume wa kwao haendi kuposa peke yake kama yatima. Ana watu wake. Akaniuliza Dar es Salaam watu huendaje. Nikamwambia kwa ndege, Tantine, na unahitaji pasipoti. Akasema basi nimtafutie. Tonton Basile akamkumbusha umri wake na magoti yake. Akamjibu kwamba ndege haipandwi kwa magoti.

Alhamisi tulimpeleka Kisangani kupigwa picha. Mpiga picha alimwambia avue kilemba. Walibishana, na picha ilipotoka ana uso wa mtu aliyekasirika, na yeye anaipenda, anawaonyesha watu wote. Tunakuja wanne, Papa, mimi, Didier, Trésor na yeye, mvua zikipungua. Tonton Basile amesema haji, lakini jana alituma mtu kuuliza kama huko kuna baridi, kwa hiyo tayarisha nafasi ya tano.

Mwambie Mama Skola tunaleta samaki wa moshi, asinunue. Na mwambie kwamba Tantine ameshaanza kuulizia sheria za dame.

Ni mimi, binti yako mkubwa,
Fifi